Kikohozi cha Upande wa Pili

Chumba cha kuhariria kiko ghorofa ya tatu, Pittsburgh,
juu ya duka la vitanda. Dirisha halifunguki.
Nina saa sabini na mbili za picha,
mkurugenzi anataka dakika tisini,
na mkasi ni mimi.

Huyu hapa Mendel Ostrow, mwaka wa hamsini na tatu,
fundi viatu aliyeanzisha kampuni ya santuri za jazi
kwa mkopo wa shemeji
na mashine moja ya kurekodia
ya mnada, kutoka redio iliyofilisika.
Walirekodi usiku. Viatu vya wateja vilikaa rafuni
vikisikiliza, ndimi nje, bila kamba.

Wataalamu watatu wamekiri mbele ya kamera
kwamba Ostrow alikuwa na sikio.
Wa kwanza kasema sikio la dhahabu.
Wa pili kasema sikio la mbwa, naye alikuwa anasifu.
Wa tatu alilia kidogo. Nimemkata.

Kisha Orville Peckham, mpiga dramu, miaka tisini na moja,
kipaza sauti kimefichwa kwenye tai.
Anaulizwa habari za Ostrow,
anajibu habari za supu.

"Lutie ndiye aliyeleta supu ya maharage. Andika hilo.
Lutie Gaines, wa vitabu vya hesabu.
Tukimaliza kupiga, Mendel alimtazama yeye, si sisi.
Akiweka kalamu chini, basi, ndiyo hiyo.
Akiendelea kuandika, tunarudia."

Nikarudisha nyuma, nikatazama tena.
Miaka ishirini nakata filamu; namjua
anayekumbuka, namjua anayejipamba.
Mkono wa mzee, juu ya goti lake,
ulikuwa unaweka kalamu chini.

Sasa, ile santuri yao kubwa, yenye jalada la kijani,
ina kikohozi kimoja upande wa pili,
kabla saksafoni haijavuta pumzi.
Wapenzi wa jazi wamekibishania miaka sitini:
cha mpiga besi; cha Ostrow mwenyewe;
si kikohozi, ni lori lililopita nje.
Toleo jipya wamekifuta,
wakaiita sauti safi, wakapandisha bei.

Kanda ya asili iko mbele yangu ndani ya boksi la viatu,
namba kumi, vya kiume, rangi ya kahawia.
Nakipandisha taratibu, kama mtu
anayemfungulia mlango mgeni wa usiku.
Ni cha mwanamke.
Na baada yake, chini kabisa, chini ya mvumo wa taa,
tak.
Kalamu juu ya meza.

Mkurugenzi akaja na kahawa mbili.
"Hatuna picha yake hata moja. Nitaonyesha nini?"
Swali la haki. Mwenye macho haambiwi tazama;
mwenye masikio, nani humwambia sikia?

Tunavyo vitabu vyake. Mwandiko umelalia kulia:
Peckham, dola kumi na nne, hajalipwa.
Peckham, dola kumi na nne, hajalipwa.
Pembeni, kwa penseli: mkumbushe M. tena Ijumaa.
Na kwenye safu ya mishahara, mbele ya jina Gaines,
mstari mtupu, mwezi baada ya mwezi,
umepigwa kwa rula.

Nilimpelekea mzee nakala. Aliisoma kwa kidole.
"Bado namdai Mendel," akasema, akacheka,
kicheko kikavu cha brashi juu ya ngozi ya dramu.
Halafu kidole kikafika kwenye ule mstari
na hakuendelea kucheka.

Kwa hiyo nimefanya hivi.
Dakika ya arobaini na moja nimeweka giza.
Skrini nyeusi, sekunde tisa.
Watu watageukiana vitini, mmoja atatoa simu,
mwingine atadhani mashine imekufa.
Kikohozi.
Kalamu.
Ndipo saksafoni inaingia, kwa kuwa imeruhusiwa.

Mkurugenzi amesema tisa ni nyingi mno.
Tumebishana mpaka duka la vitanda likafungwa.
Tumekubaliana saba.

Nimeacha tisa.